Kumwambia Kaka kwa Simu

Kiingereza changu cha kwanza kilikuwa cha simu. Mpaka leo ukinipa gazeti la Kiingereza nitakusomea kwa taabu, lakini niweke mbele ya simu uone. Baba alikuwa akifanya kazi kwenye swichibodi ya bandari ya Kismayo, chumba kidogo chenye feni mbovu na ubao wa matundu, na kazi yake ilikuwa kuchomeka waya hapa na kuchomoa pale siku nzima, akisema Kisomali na huyu, Kitaliano na yule, na Kiingereza na mawakala wa meli walioko Mombasa. Mimi ndiye niliyempelekea chakula cha mchana. Nikifika alinionyesha kiti kwa kidole, nikakaa nikamsikiliza.

Kiingereza cha simu, alikuwa akisema, si kile cha watu wanaoonana. Mtu akiulizwa kwa jina lake hajibu "ndiyo, ni mimi", anajibu "speaking", yaani ninasema, kana kwamba aliyepiga hasikii mwenyewe. Laini ikiwa na mtu mwingine wanasema "engaged", neno lilelile la msichana aliyeposwa, na baba alinitania nalo mpaka nikalichukia. "Wewe usijali," aliniambia, "yako bado iko wazi." "Hang up" ni kuitundika simu, ingawa kwake hakuna kilichotundikwa, simu zote zililazwa juu ya meza. Opereta akisema "you're through", wewe usidhani habari yako imekwisha, umeshaunganishwa, sema. Na kulikuwa na hii ya "personal call", ambayo alinieleza mara sijui ngapi kwa sababu aliiona ni akili kubwa: unamtajia opereta mtu umtakaye, na dakika zako hazianzi kuhesabiwa mpaka mtu huyo mwenyewe aje kwenye simu. Akitafutwa sokoni, akiamshwa, akivaa viatu, yote hayo bure. "Hapo Wazungu walifanya insafu," baba alisema.

Serikali ilipoanguka, swichibodi ile ilikuwa katika vitu vya mwanzo kung'olewa. Walitaka shaba. Baba alikwenda kuiangalia akarudi, akaomba chai, akanywa, akaomba nyingine. Tukabaki na taari, ile redio ya kuzungumza na watu wa mbali: chumba kimoja sokoni, mwenye redio mmoja, na foleni mpaka barabarani. Unabonyeza, unasema, unamaliza na "ova", unaachia, ndipo wa upande wa pili anajibu. Wawili hawasemi pamoja. Mama yangu, ambaye maisha yake yote hakuwahi kugusa simu ya mumewe, kwenye taari alikuwa hodari, na hiyo "ova" yake aliitoa kwa sauti ya kuamrisha hasa.

Kismayo ilipotushinda tukahamia Chula, kwa watu wa mama. Tulidhani kisiwa kitasahauliwa. Wapi! Wenye bunduki walikuja kwa boti, mchana kweupe, kutafuta mashine za maboti na nyavu. Baba alitoka kusema nao. Alikuwa mtu wa maneno, aliamini kila mtu ana lugha yake ukiipata. Hakumaliza sentensi ya pili. Tulimzika jioni ileile, upesi upesi, huku wenye bunduki hata hawajaondoka kisiwani, na siku ya nne tukapanda chombo na watu wengine tukashuka Kenya. Ndiyo tukawa watu wa kambi, nje ya Mombasa, mimi na mama ndani ya hema moja, na mama yumo edani nyuma ya kanga iliyotungikwa kwa kamba.

Kaka yangu mkubwa hakuwepo katika yote haya. Alikuwa baharia, vita vilimkuta kwenye meli, na tangu hapo alikuwa akizunguka bandari za Ghuba akibeba hiki na kile. Alisikia tu kwamba tumehamia Chula, zaidi ya hapo hakujua lolote. Kisha Jumatano moja, baada ya alasiri, baharia mmoja wa kwetu akaja kambini na barua yake, imekunjwa mpaka imekuwa ndogo kama tambuu. Hakuwa ametuandikia sisi. Alikuwa ameiandika kwa yeyote wa Chula atakayeonekana Mombasa, akiomba habari za watu wake. Aliandika kwamba Jumamosi, baada ya swala ya adhuhuri, ataondoka na chombo kinachopeleka mchele Kismayo, na akifika huko atatafuta njia ya kuvuka kisiwani awatoe wazee wake. Chini aliweka namba ya ofisi ya wakala wao, mahali alipokuwa akilala.

Nilimsomea mama mara mbili. Aliyeleta barua akasema, bila kuulizwa, kwamba chombo kilichotangulia kilivamiwa gatini Kismayo na kijana wa Kibajuni kama sisi aliyekuwemo alishushwa, hakuonekana tena. Mama akashika kichwa. Mimi nikaanza kupiga hesabu ya siku kwa vidole. Ijumaa kule ofisi hazifunguliwi. Alhamisi wanafunga adhuhuri, na adhuhuri yao inatangulia yetu kwa saa nzima. Kwa hiyo tulikuwa na kesho, mpaka saa tano ya asubuhi, basi.

"Nitampigia," nikasema. "Nitamwambia asende, na nitamwambia baba hayuko."

"Hutamwambia," mama akasema.

Lazima nieleze, maana watoto wangu mwenyewe wanaona huu ni ujinga. Kwetu mtu aliye safarini haambiwi msiba. Anaambiwa fulani hajisikii vizuri, fanya uje. Akija anapokewa, anapewa maji, anakalishwa katikati ya watu wake, mmoja anamshika mkono, na hapo ndipo mkubwa wao anamwambia. Mtu akipokea habari ile peke yake, ugenini, nani atamzuia asijipige chini? Nani atamshika? Mama aliyaona haya kwa macho yake utotoni, na hakuwa mwanamke wa kubishana naye.

"Mchu haambiwi mambo haya na chuma," akasema, kwa Kibajuni chake. "Utamwambia tuko Mombasa, salama, asende Kismayo. Ndiyo yote."

"Atauliza baba yuko wapi."

"Mwambie hajambo."

"Mama, akiwa hajambo na hayuko na sisi, si yuko Chula? Si ndiko atakakomfuata?"

Aliivuta ile kanga kwenye kamba akainyoosha. Nikadhani nimemshinda. Kumbe alikuwa anatafuta namna ya kunizuia, na akaipata: akasema atakwenda mwenyewe. Eda inamruhusu kutoka kwa dharura, na dharura gani kubwa kuliko hii. Sauti yake ndiyo mtoto atakayoiamini, akasema, na mimi kazi yangu ni kumfungulia njia kwa Kiingereza changu, kisha nimpe simu ninyamaze. Akanitaka niape. Niliapa, na moyoni nilikuwa na hasira naye.

Alhamisi tuliondoka kambini alfajiri. Nyumba ya simu mjini ilikuwa na kaunta ndefu, mabenchi, na vibanda vya mbao vyenye namba milangoni. Mama alijifunika gubigubi, akakaa uso ukielekea ukuta ili asitazamwe. Vipuli vya masikio yake tulikwisha kuviuza, vikatupa fedha ya dakika tatu za simu. Karani aliniuliza, bila kuinua macho, nataka simu ya aina gani.

"Personal call," nikasema.

Hapo akaniangalia. Ndala miguuni, kilemba cha kambini, na "personal call". Akaniuliza kama najua maana yake. Nikamweleza, neno kwa neno, kama nilivyoelezwa kwenye kiti kile cha bandari, na nikaongeza kwamba nina haraka. Akaandika.

Saa tatu na nusu opereta akarudisha jibu: laini za Ghuba zimejaa. Saa nne kasoro akapata namba, ikawa "engaged". Saa nne na dakika ishirini, "engaged" tena. Nilikuwa nimesimama mbele ya kaunta, sikutaka kukaa, nikawa nauangalia ule mshale mrefu wa saa ya ukutani na kuuchukia. Nani huyo anaongea saa nzima kwenye ofisi ya wakala wa meli? Anauza nini? Watu wawili walioingia baada yetu walikwishaitwa vibandani, wakacheka, wakamaliza, wakaenda zao. Mama hakugeuka hata mara moja. Midomo yake ilikuwa ikicheza, anasoma dua.

Saa nne na dakika arobaini karani akaita, "Namba tatu!"

Tuliingia wawili kibanda cha mtu mmoja, mlango haukufunga. Niliweka simu sikioni. Opereta, mwanamke, akaniuliza kama mimi ndiye niliyeomba, nikajibu "speaking", na sauti ikanitoka kama ya baba, wallahi, ile ile ya kazini. Upande wa pili mwanamume akapokea kwa haraka. Opereta akamtajia kaka. Yule bwana akasema hayupo, yuko chomboni anapakia. Lakini opereta yule, Mungu ampe kila la heri popote alipo, hakukata. Akauliza kwa upole kama anaweza kuitwa. Bwana akaguna, akasema "hold on", nikasikia simu inawekwa mezani na mtu anapiga kelele dirishani.

Tulisubiri. Kule mbali nilisikia mlango, winchi ya kupakia, mtu anakohoa. Dakika nne, tano, saba. Zote hazikuhesabiwa. Karani alichungulia akaonyesha saa yake ya mkononi, nikamwambia kwa jicho aondoke. Kisha nikasikia viatu vinakimbia, na pumzi.

"You're through, caller," akasema opereta. "Go ahead."

"Kaka!" nikapiga kelele, na mama tayari alikwisha kuichukua simu mkononi mwangu.

Nilibandika sikio langu nyuma ya mkono wake. Sauti ya kaka ilikuwa ndogo lakini safi. Alilia kwanza, akataja jina la Mungu. Mama akamwamkia. Na akimwamkia mtu mama yangu hakati kona: akamwuliza afya, akamwuliza usingizi, akamwuliza chakula, akamwuliza watu alio nao, kila swali na "ova" nyuma yake, kisha ananyamaza, anamngoja naye atoe "ova" yake ndipo aendelee. Kaka hajui taari. Kila mama aliponyamaza, naye akanyamaza, akidhani hajamaliza. Kimya, kimya, halafu wote wawili "Eeh?" kwa pamoja. Nilikuwa nimemshika mama bega nanong'ona, "Si taari, Mama, sema tu, sema," naye ananisukuma kwa kiwiko.

"Tuko Mombasa," mama akasema mwishowe. "Mimi na dada yako. Usende Kismayo. Umesikia? Ova."

"Alhamdulillahi," kaka akasema. "Na baba? Mpe baba niseme naye."

Namkumbuka mama usoni wakati ule. Alifumba macho kabisa.

"Baba yako hajambo," akasema.

"Yuko hapo?"

"Hayuko hapa. Amebaki Chula."

"Amebaki peke yake? Na watu wale wanaingia visiwani?"

"Hajambo, mwanangu. Wewe usende."

"Mama, nimwache mzee peke yake kisiwani? Nina chombo hiki hapa, kinaondoka keshokutwa. Nitateremka Kismayo, wiki haitaisha nitakuwa naye Chula, nitamleta kwenu. Msiwe na wasiwasi."

"Usende," mama akasema. "Nakwambia usende."

"Nitamleta, Mama."

Ikalia ile milio mitatu ya kuonya kwamba muda unakwisha. Opereta akaingia akasema kitu ambacho sikukisikia. Mama alikuwa ameing'ang'ania simu kwa mikono miwili, mdomo wazi, na hakuna neno lililotoka. Najua alilitafuta. Alikuwa amelishika sehemu fulani kifuani na likakataa kupanda, kwa sababu maisha yake yote alifundishwa lisipande kwa njia ile.

Nilimpokonya. Sijawahi kumpokonya mama yangu kitu, si kabla wala baada. Nilimvunja ukucha, damu ikatoka.

"Baba amekufa," nikasema. "Walimpiga risasi Chula, tukamzika palepale. Hakuna wa kumfuata. Kaka, usende, hakuna mtu huko. Umenisikia? Kaka? Umenisikia?"

Hakukuwa na mtu. Simu ilikuwa inavuma tu, ule mvumo wa laini iliyokatwa, na sikujua imekatika wapi: kabla sijasema, katikati, au nilipomaliza. Nilimwita opereta. Akaja mwingine, mwanamume, akasema "you were cut off, caller", nilitaka niendelee? Nilitaka. Hatukuwa na cha kulipia, na saa ya ukutani ilikuwa inagonga saa tano.

Mama hakunipiga. Ningependa anipige. Alitoka kibandani akajifunika vizuri, na pale mlangoni, watu wakipita, akaniuliza swali moja.

"Alikuwa na nani?"

"Sijui, Mama."

"Alikuwa na nani pale aliposimama?"

Ama kaka alisikia, na alikuwa peke yake kwenye ofisi ya wageni. Au hakusikia, na alikuwa njiani kwenda Kismayo. Hayo ndiyo mawili niliyokuwa nayo, na njia nzima ya kurudi kambini niliombea lile la kwanza, nikajichukia kwa kuliombea.

Jumamosi adhuhuri ilipita. Niliisikia adhana ya msikiti wa makuti pale kambini, nikaacha kuchambua mchele. Mama alikuwa nyuma ya kanga yake. Hakusema nami siku ile wala siku zilizofuata. Akitaka maji aliwaambia wanawake wa hema la jirani, na chakula nilichopika alikirudisha hakijaguswa. Wanawake walininong'oneza, kwani nimemfanya nini mama wa watu yumo edani? Nilisema sijamfanya kitu. Niliogopa kuwaeleza. Niliogopa kila baharia aliyekuja kambini, maana kila mmoja angeweza kuwa ndiye aliyetumwa kuja kutukalisha na kutupa maji.

Jumatatu ya wiki ya pili nilikwenda mjini peke yangu, nikauza shuka tuliyopewa, nikapiga. Simu ililia kule mpaka opereta akachoka. "No reply, caller," akasema. Baba hakunifundisha la kujibu hapo. Nilisema asante nikatundika.

Siku ya ishirini na mbili, asubuhi, nikiwa kwenye foleni ya bomba, mtu akaniita kwa jina langu la utotoni. Nikageuka. Alikuwa amekonda, ndevu zimemjaa, hana hata mfuko mkononi. Ndoo ilinidondoka. Nilitaka kumrukia na sikuweza, nilibaki nimesimama kwenye matope nikimtazama miguu, kama ni yake kweli.

"Ulisikia?" nikamwuliza. Hata salamu sikumpa.

"Nilisikia amekufa," akasema. "Basi. Mengine sikuyasikia." Alishusha virago chomboni, akaviuza, akakaa bandarini mpaka akapata meli ya kuja Mombasa. Chombo kile cha mchele kilifika Kismayo, na kwa habari alizozipata, mabaharia wawili hawakurudi. Aliyasema haya kwa sauti kavu, akitazama pembeni. Nikamwuliza kama alilia. Akasema angelia na nani?

Nilimpeleka kwenye hema. Mama alimwona kutoka mlangoni, naye akamwona mama na nguo zake za eda, na hapo mtu angedhani hakuna lililobaki la kusemwa. Lakini mama hakumkimbilia. Alimwambia, "Karibu, mwanangu, pole na safari." Akawaita wanawake wawili wa Chula, wakubwa, wakaja wakakaa huku na huku. Akamkalisha kaka katikati ya mkeka. Akampa maji kwa mkono wake mwenyewe, akangoja mpaka ameyamaliza. Kisha akamwambia, polepole, kama habari aliyoipata asubuhi ile.

"Baba yako ametutoka."

Na kaka yangu, aliyekuwa akijua kwa siku ishirini na mbili, alitoa sauti ambayo sijaisikia kwa mtu mzima tena. Alijitupa mbele, wale wanawake wakamdaka. Mimi nilikuwa bado mlangoni, na maji ya bomba yamenilowesha mpaka magotini, sijui niingie au nitoke. Mama akainua uso akanitazama, mara ya kwanza tangu kibanda namba tatu.

"Njoo," akasema. "Ulimwambia, hukumshika."

Nikaingia nikakaa, nikamshika.